Rufaa ya Wikio

Malindi, Unguja
10 Februari 1971

Suud mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia halipendi ngazi. Mpe Bahiya mkeo salamu zangu, mwambie kitambaa alichonitumia nilikivaa sikukuu, na wanawake wawili walinishika mkono njiani kuniuliza kimetoka wapi. Idi ilikuwa ya kimya. Mchele wa foleni ulitoka siku ya pili yake, kwa hivyo siku yenyewe tulikula ndizi, tukaambiana kuwa zina baraka. Nilikuomba sabuni, wewe ukanitumia kitabu cha kurasa mia tatu juu ya hali ya wafanyakazi wa viwandani. Nimekisoma chote. Sabuni bado nnaihitaji.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita alikuja mtu wa Ofisi ya Makadirio, Bwana Silima, mtu wa makamo, mpole, na kamba ya kupimia ya futi mia. Wanapima nyumba zote za mtaa ili kila moja ikadiriwe kodi yake ya mwaka. Akapima ukumbi, akapima vyumba vya chini, akapanda juu, akaingia kwenye wikio na kamba yake, akaendelea. Wiki hii imeletwa karatasi. Inasema mimi, Tamima, nina nyumba ya vyumba kumi na vinne.

Mimi na wewe tumezaliwa humu, na vyumba ni sita, wikio halikuhesabiwa. Vinane vilivyobaki ni vya nyumba ya Ami Sleiman, ng'ambo ya kichochoro. Baba na ami waliziunganisha nyumba zao kwa hilo wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro kama daraja, ili mama na mke wa ami watembeleane bila ya kushuka njiani. Nyumba ya ami serikali iliichukua mwaka sitini na nne, ikatia wapangaji wake. Sasa serikali hiyo hiyo inataka mimi niilipie kodi.

Nimepewa hadi mwisho wa Septemba. Nisipolipa, nyumba yote inaandikwa ya serikali, nami ntakuwa mpangaji ndani ya nyumba ya baba yangu, au ntaambiwa nitafute pengine. Kiasi chenyewe sikuandiki, kwa sababu ungepiga meza, na najua meza ni ya mwenye nyumba wako. Rufaa inaruhusiwa. Nambie nifanyeje, na usikasirike kabla ya kumaliza kusoma.

Dada yako,
Tamima


Kariakoo, Dar es Salaam
3 Machi 1971

Dada yangu Bi Tamima,

Shikamoo. Hatujambo. Bahiya ana mafua, mimi nina hasira, na kati ya maradhi hayo mawili ya kwangu ndiyo yanayoambukiza. Kazi yangu ni ile ile, kusahihisha kurasa kwenye kiwanda cha chapa. Wiki nzima nimesahihisha hotuba moja isiyokuwa na kosa la herufi hata moja, wala maana hata moja. Niliirudisha kama ilivyo. Nimesifiwa kwa umakini.

Nilikasirika mwanzoni mwa barua yako, katikati na mwishoni. Nimesoma katika tarikh za mataifa habari za mfalme aliyetoza ndevu kodi, na nchi iliyotoza madirisha hata watu wakayaziba wakakaa gizani. Nilikuwa nikiwacheka. Leo nawaomba radhi. Yule wa ndevu angalau hakumnyoa mtu kwanza, kisha akamtoza kwa ndevu zilizokwisha kuanguka!

Na swali moja dogo. Huyo Silima alipimaje upande wa pili? Mlango wa mwisho wa wikio uliuziba kwa tofali Januari ile niliyoondoka, kama nilivyokuagiza. Je, kamba yake inapenya tofali?

Usiende ofisini peke yako. Watakupa kiti, watakupa maji, kisha watakupa kalamu utie saini. Unahitaji mwakilishi. Mawakili wa majoho hawatakiwi tena huko kwenu, lakini yupo Bwana Mkadam, aliyekuwa karani wa korti kwa miaka ishirini, sasa anakaa na mashine yake ya chapa barazani karibu na bandari akiwaandikia watu maombi. Nimeshamwandikia. Ujira wake tumekubaliana: utampa chakula cha mchana kila siku ya kazi mpaka rufaa iishe. Hoja nitaziandika mimi. Yeye atazisoma tu mbele ya kamati, maana ana sauti.

Mimi mwenyewe siwezi kuja. Unajua sababu. Mtu aliyeandika niliyoyaandika katika gazeti langu hashuki bandarini akaulizwa habari za safari. Jina langu limo katika orodha yao, na watu wa orodha hawana usahaulifu.

La mwisho. Chumba changu cha wikio kibaki kama nilivyokiacha: kitanda, meza, vitabu ukutani. Mtu asiguse hata karatasi.

Ndugu yako,
Suud


Malindi
28 Machi 1971

Suud mdogo wangu,

Marahaba. Mafua ya Bahiya nimeyasikia. Mwambie atie tangawizi na asikusikilize unaposema. Mvua za mwanzo zimeanza. Dari la jikoni linavuja pale pale lilipokuwa likivuja enzi za baba, basi nikiweka ndoo namkumbuka.

Bwana Mkadam amekuja. Alivaa kanzu, na juu yake koti la sufi, katika joto hili. Aliketi ukumbini, akatoa daftari, akaniuliza swali lake la kwanza juu ya rufaa: "Bi Tamima, nazi unazipata wapi?" Nikamjibu. Akaandika. Swali la pili likawa kama papa wa leo ni mkavu au mbichi. Siku ya tatu nikamuuliza kama ataitazama ile karatasi ya makadirio. Akasema, "Bibi, kesi nzito haitazamwi na tumbo tupu." Siku ya nne nikamuuliza tena. Akasema haitazamwi na tumbo lililojaa.

Sasa ni wiki ya tatu. Karatasi ameitazama mara moja, akaipa sifa: imepigwa chapa vizuri. Anakuja saa saba kamili, adhana ya adhuhuri ikimkuta njiani. Muhogo wa nazi anaupenda, pweza anampenda zaidi, na siku jirani akiniletea sahani, Bwana Mkadam husema kesi inakwenda mbele.

Sabuni bado.

Tamima


Kariakoo
20 Aprili 1971

Dada,

Shikamoo. Bahiya amepona, na mimi nimemaliza rufaa. Kurasa kumi na tisa. Niliianza kwa historia ya kodi tangu zama za kale, nikapita kwa makhalifa waadilifu, nikawaonya wakoloni waliokwisha kuondoka, na ukurasa wa kumi na saba nikafika Malindi. Bwana Mkadam amepelekewa nakala tatu na ameshaziwasilisha ofisini.

Nguzo ya hoja ni hii, nakunakilia: "Nyumba hizi mbili zimetengana kabisa. Mlango wa mwisho wa wikio ulizibwa kwa tofali mwezi wa Januari 1964, na tangu siku hiyo hakuna kiumbe aliyepita." Waje wajibu hilo! Nyumba mbili zenye ukuta kati yao ni nyumba mbili, hata kwa hesabu ya Bwana Silima. Niliposoma sentensi hiyo kwa sauti, mwenye nyumba wangu aligonga ukuta.

Hukunijibu swali langu juu ya kamba.

Halafu, umeandika "jirani akiniletea sahani". Jirani gani? Upande wa kulia ni ghala, upande wa kushoto ni msikiti, nyuma yetu ni ukuta. Kwa ami wametia watu wao. Sitaki kudhani kwamba unakula vya watu wanaokaa katika nyumba iliyoporwa. Mimi nikipita hapa mbele ya mtu nisiyekubaliana naye hubadilisha upande wa barabara. Ndiyo maana nachelewa kazini.

Suud


Malindi
9 Mei 1971

Suud,

Maulidi yamepita salama. Goti limevimba kwa mvua. Bahiya mpe salamu.

Ufute ule mstari wa tofali. Mwandikie Mkadam aufute kabla ya kamati kuusoma. Mengine yote yaache, hata makhalifa.

Usiniulize kwa nini.

Tamima


Kariakoo
2 Julai 1971

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya mistari sita imechukua wiki saba kuvuka maji ambayo meli huyavuka kwa siku moja. Bahasha ilifunguliwa ikabandikwa tena kwa gundi ya unga. Kwako wewe uliyeifungua, na utakayeifungua hii: mimi ni msahihishaji kwa kazi, na ukiona kosa humu, nijulishe.

Dada, unaniomba niiondoe nguzo na paa libaki. Haiwezekani. Kwanza, rufaa imeshapokewa. Pili, Bwana Mkadam ananiandikia kwamba kamati yenyewe itakuja nyumbani tarehe kumi na nne Agosti kuuona huo ukuta kwa macho. Kwa macho! Ni ushindi usiohitaji hata kupigania. Nimemwagiza aupake chokaa uonekane vizuri.

Ananiandikia pia kwamba "ukuta una mambo yake", na kwamba mchuzi wa pweza ulikuwa mzuri. Sikumwelewa. Karani wa korti huficha maana hata akisema jina lake.

Nakuuliza mara ya tatu habari ya kamba, na mara ya pili habari ya jirani. Nikukumbushe, mwaka sitini na saba ulinyamaza miezi mitatu, kisha ukaniambia ulikuwa na homa. Usiniletee homa nyingine.

Suud


Malindi
22 Agosti 1971

Suud mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Kaa kitako. Mpe Bahiya barua hii nayo asome, ili uwe na mtu wa kukushika.

Naanza na kamba. Kamba ya Bwana Silima haikupenya tofali, kwa sababu tofali hazipo.

Niliziba, sikukudanganya. Fundi aliweka tofali siku ya nne baada ya wewe kuondoka. Masika ya mwaka sitini na saba niliteleza ngazini nikavunja mguu. Mlango wa njiani ulikuwa na komeo kwa ndani, na kuta za baba unazijua unene wake. Nililala chini ya ngazi nikiita, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Aliyenisikia ni Mwamvua, mpangaji wa nyumba ya ami, kupitia zile tofali zako. Mumewe Borafya ni mchukuzi wa bandarini. Alikuja na mtaimbo, akabomoa, wakanibeba kupitia chumbani mwako na ngazi za ami, zile tulizokatazwa utotoni kuzipanda mbio. Miezi mitatu Mwamvua alinikogesha. Wewe nilikuandikia homa, kwa sababu ningekwambia kweli ungeandika makala.

Tofali hazikurudi. Tangu hapo muhogo ukiwa kwake, nazi huwa kwangu. Huyo ndiye jirani. Watoto wake wanne hupita humo kwenda chuoni kusoma Kurani, maana mlango wetu uko karibu na msikiti. Bi Kidawa, yule mke wa marehemu mwadhini, naye hupita, kwa ajili ya miguu yake. Na wengineo.

Sasa kamati. Walikuja watatu: mwenyekiti Bwana Muhiddin, Bwana Silima na kamba yake, na karani. Bwana Mkadam aliwaleta saa saba kamili kwa makusudi anayoyajua yeye. Akasimama ukumbini akasoma kurasa zako. Alipofika kwa makhalifa, karani alisinzia. Alipofika kwa wakoloni, mwenyekiti alisema, "Bwana Mkadam, hebu tukauone huo ukuta."

Suud, mtu huyo amekula sahani za Mwamvua miezi mitano, akiziona zinavyoingia kwa mlango huo. Alipanda ngazi kama anayekwenda kudungwa sindano. Akasimama katikati ya wikio, akaupa mlango mgongo, akasoma kwa sauti uliyomsifia: "Na tangu siku hiyo hakuna kiumbe aliyepita."

"Hodi!" Mwamvua huyo, na sinia la vikombe. "Bi Tamima, wageni wa kahawa wangapi?"

Mwenyekiti akamtazama Mwamvua, akamtazama Mkadam. "Bwana Mkadam, huyu ni kiumbe au si kiumbe?"

"Mheshimiwa," akasema Mkadam, "naomba muda wa kuandaa jawabu."

Hawakucheka mara moja. Mwenyekiti aliuliza wikio ni la nani. Bwana Silima akaeleza, kwa upole wake ule, kuwa likiwa langu, kamba inaendelea na mimi nina vyumba kumi na vinne. Likiwa la serikali, basi chumba cha serikali kinaanzia hapa mlangoni pangu, na anaweza kutiwa humo mpangaji yeyote. Mkadam akapata uhai. Akasema tofali zirudishwe, ni kazi ya siku moja. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. "Hilo linawezekana. Bi Tamima, ziba mlango, nasi tutakuandikia vyumba sita."

Ulikuwa ushindi wako huo, kama ulivyouandika. Nyumba ingebaki yangu jioni ile ile. Mkadam alinitazama akingoja pongezi. Mimi nikamtazama Mwamvua. Alikuwa anahesabu vikombe ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Nikasema, "Sizibi."

Mkadam akasema, "Mheshimiwa, mteja wangu amechoka."

Nikamwambia, "Bwana Mkadam, rufaa ni ya ndugu yangu. Nyumba ni yangu. Kaa unywe kahawa." Akakaa. Kisha nikamuuliza Bwana Silima, "Kichochoro hapo chini umekipima?"

"Hapana, bibi. Kile ni njia."

"Kitabu chako kinasemaje juu ya njia?"

Anacho mfukoni. Akakifungua, akasoma: njia itumikayo na watu haihesabiwi ndani ya jengo lolote, wala majengo mawili hayawi moja kwa sababu ya njia iliyopita kati yao.

"Basi na hii ni njia," nikamwambia. "Moja inapita chini, moja inapita juu. Umesimama ndani yake, na umelipisha sinia."

Mwenyekiti akauliza kama nina ushahidi wa maandishi. Nikauendea ukuta wa vitabu vyako. Samahani, nimegusa karatasi. Nikatoa gazeti lako la mwaka hamsini na nane, lile ulilomshambulia tajiri aliyefunga kichochoro cha kwenda kisimani. Nikawasomea: "Njia si ya aliyejenga kuta za pembeni. Njia ni ya mwenye miguu. Palipopita watu, mwenye mali hana la kusema ila karibuni." Ni maneno mazuri, Suud. Karani aliamka.

Mwenyekiti akalichukua gazeti, akaichukua na rufaa, akaweka moja kila goti. "Huyu Suud aliyeandika hili na huyu Suud aliyeandika hizi ni mtu mmoja?"

"Ni mmoja," nikasema, "lakini hawajapata kukutana."

Hapo ndipo walipocheka, hata Silima. Mwenyekiti akaonyesha kitanda. "Na hiki? Njia haina kitanda."

"Kinangoja mtu."

"Atakuja lini?"

Nikamwambia katika maswali yote ya siku ile, hilo tu ndilo sina jawabu lake.

Uamuzi ni huu. Vyumba vyangu ni sita, na kodi yake naiweza. Wikio ni njia ya watu. Liwe wazi tangu asubuhi mpaka alasiri, bila kitasa, bila kitanda, bila meza. Kila miezi mitatu atakuja mkaguzi bila taarifa, akae na daftari ahesabu wapitaji. Wasipungue watu kumi kwa siku moja. Wakipungua, ninarudi kwenye vyumba kumi na vinne, na hakuna rufaa ya pili.

Kitanda chako nimekihamishia chumba cha nyuma. Bwana Mkadam anasema kesi bado ina masalia, na kesho atakuja saa saba.

Tamima


Kariakoo
5 Septemba 1971

Dada,

Shikamoo.

Umeshinda. Nakupongeza kama mtu anavyompongeza tabibu aliyeyatoa maradhi pamoja na mgonjwa. Miaka ishirini nimeandika kwamba umma una haki ya kupita. Sikusema upitie chumbani kwangu! Ile makala ilikuwa ya kichochoro, Dada, kichochoro cha wazi, chenye mbingu juu yake. Mtu haandiki juu ya wanadamu wote akamaanisha Bi Kidawa na kikapu chake cha samaki pembeni ya kamusi yangu.

Umenisomea maneno yangu mbele ya watu wale. Wangeniita mimi ningewajibu. Ningewajibu ukurasa kwa ukurasa. Nilikaa hapa nikaandika kurasa kumi na tisa, na wewe umeshinda kwa sinia la kahawa.

Bahiya ameisoma barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekiuliza, nami sasa nakiuliza.

Mguu gani?

Suud


Malindi
20 Septemba 1971

Suud mdogo wangu,

Marahaba. Mguu wa kulia. Umepona, isipokuwa ngazi, na ukitaka kunyesha hunijulisha mapema. Usiandike makala.

Kodi nimeilipa wiki iliyopita, ya vyumba sita. Bwana Silima alinipa stakabadhi, akaniuliza habari zako. Nikamwambia u mzima.

Vitabu vyako vipo ukutani, sikuvitoa. Kamati ilitaja kitanda na meza, haikutaja vitabu. Borafya anasoma darasa la watu wazima, na akitoka zamu husimama humo njiani akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Gazeti lako la hamsini na nane amelimaliza. Likamchukua siku nne. Akaniuliza: "Bi Tamima, huyu bwana anasema kweli tupu. Lakini alikuwa anasema na nani? Mimi wakati huo nilikuwa nakaa Ng'ambo, mitaa ya sisi wanyonge, nikibeba magunia hapo hapo Malindi. Mbona gazeti halikutufikia?" Nilimwambia nitakuuliza.

Na hili nalo nikwambie, maana nimeshasema mengi. Borafya anamjua anayeshika daftari bandarini. Mwaka sitini na nane nilimwomba aulize jina lako. Akauliza. Halimo, Suud. Halikuwamo. Wakafungua na daftari la zamani, halimo. Yule mtu aliuliza, "Suud yupi?" Nimekaa na jambo hili miaka mitatu. Kila nikishika kalamu nikwambie, naona ulivyokuwa ukiipenda ile orodha.

Mkaguzi wa kwanza atakuja Novemba, siku haijulikani. Wapitaji wa kila siku walikuwa kumi: Mwamvua, Borafya, watoto wanne, Bi Kidawa, fundi wa viatu, mwalimu wa chuo, na Bwana Mkadam, ambaye sasa hupita kwenda kuulizia kwa Mwamvua kama chakula kipo upande ule. Juzi Bi Kidawa amepewa nyumba Michenzani, katika yale majumba mapya marefu. Amehamia kwa furaha, amesema humo mna mabomba ya maji. Nimefurahi naye. Nikahesabu waliobaki.

Ni tisa.

Tamima


Kariakoo
8 Oktoba 1971

Dada,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma mara nne, kisha nikampa Bahiya. Alikwenda chini ya kitanda akatoa masanduku.

Tutapanda meli ya Jumanne, kabla ya mwezi kuandama, ili futari ya kwanza tuile kwako. Nimenunua sabuni, miche ishirini. Nikiulizwa bandarini habari za safari, nitasema nakwenda kwa dada yangu, na nikiulizwa Suud yupi, nitaeleza kwa ufupi.

Kitanda kiache huko huko chumba cha nyuma. Mwambie Borafya swali lake nitalijibu mwenyewe, ajitayarishe, sikusudii kushindwa kwa urahisi. Na Mwamvua mwambie, mwambie tu nakuja.

Mkaguzi akikaa na daftari lake, nitapita polepole.

Nihesabuni.

Suud